Rufaa Iliyochelewa na Zuio la Kukazia Hukumu Tanzania

Dalali wa mahakama anapobisha hodi na hati yenye mhuri mkononi, wengi humjibu hivi: "Lakini mimi nimekata rufaa." Jibu hilo halimzuii. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, katika Amri ya 39 kanuni ya 5, inatamka kwamba kukata rufaa peke yake hakusimamishi utekelezaji. Kinachomrudisha dalali ni amri ya mahakama iliyoombwa mahsusi, kwa hati ya kiapo na kwa masharti yake. Ikiwa mdaiwa hajakata rufaa na muda umekwisha kupita, mzigo wake ni wa aina mbili: hana rufaa, na asiye na rufaa ni vigumu sana kupewa zuio.

Muda wenyewe hutofautiana kufuatana na mlango shauri lilikoingilia. Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Mahakama ya Wilaya ni siku 30. Shauri la ardhi lililoanzia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya hufika Mahakama Kuu ndani ya siku 45. Shauri la madai lililoanzia Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi lina siku 90, chini ya jedwali la Sheria ya Ukomo, Sura ya 89. Kwenda Mahakama ya Rufani, notisi ya rufaa huwekwa ndani ya siku 30 tangu uamuzi, kisha rufaa yenyewe ndani ya siku 60 tangu notisi. Aliyeshinda, kwa upande wake, ana miaka 12 ya kuomba kukazia hukumu, na akitaka anaweza kuanza mara moja. Aliyeshindwa hana anasa hiyo.

Kuhesabu siku kuna kanuni zake, na hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Siku ya hukumu haihesabiwi. Siku zilizotumika kusubiri nakala ya tuzo na hukumu pia huondolewa, mradi kumbukumbu zionyeshe nakala ziliombwa lini na kupatikana lini. Chukua mfano wa mfanyabiashara aliyeshindwa Mahakama ya Wilaya tarehe 4 Machi. Siku zake 90 zingeisha tarehe 2 Juni. Lakini tarehe 11 Machi aliandika barua kuomba nakala, ikagongwa mhuri wa masjala, na nakala zikawa tayari tarehe 2 Mei. Siku hizo 53 zikiondolewa, mwisho wake unasogea hadi tarehe 25 Julai. Karatasi moja imemnunulia karibu miezi miwili. Asiyeandika barua hiyo kwa kuamini kwamba "karani ataniita nakala zikitoka" hana cha kuonyesha. Kwa rufaa ya Mahakama ya Rufani mambo ni magumu zaidi: barua iandikwe ndani ya siku 30 tangu uamuzi, nakala yake apewe mpinzani, na Msajili ndiye anayetoa cheti cha siku zinazoondolewa.

Sasa tuseme mfanyabiashara yuleyule amefika mahakamani tarehe 20 Agosti. Akiingiza rufaa moja kwa moja, itatupwa kwa kuwa nje ya muda, hata kama hoja zake ni nzito. Anachopaswa kuwasilisha ni maombi ya kuongezewa muda, na ndani ya kiapo chake aeleze siku 26 alizochelewa. Cheti cha hospitali kinaonyesha alilazwa tarehe 20 Julai na kuruhusiwa tarehe 8 Agosti. Hapo hakimu au jaji ataelewa. Lakini kuanzia tarehe 9 hadi 20 Agosti ni siku 12 ambazo ugonjwa hauzielezi. Alikuwa wapi? Alimwona wakili lini? Ada ililipwa lini? Sentensi kama "nilikuwa bado najisikia vibaya" isiyo na karatasi huweza kuyaua maombi yote. Mahakama ya Rufani imerudia mara nyingi kwamba hata siku moja ya ucheleweshaji lazima itolewe maelezo.

Kipimo kinachotajwa karibu katika kila uamuzi kilitolewa katika Maombi ya Madai Na. 2 ya 2010, yaliyoletwa na Lyamuya Construction. Mwombaji aeleze kipindi chote cha kuchelewa. Kuchelewa kusiwe kwa kupindukia. Aonyeshe bidii, si uzembe wala kutojali. Na mahakama inaweza kuangalia sababu nyingine nzito, kama uharamu ulio ndani ya uamuzi unaopingwa. Hoja ya uharamu ndiyo kimbilio la wengi, na mahakama imeibana: kosa lionekane waziwazi kwenye kumbukumbu, si mpaka lichimbuliwe kwa hoja ndefu. Aliyewahi kukata rufaa kwa wakati, ikaondolewa kwa kasoro ya nyaraka, huhurumiwa zaidi, kwani alikuwa mahakamani muda wote. Kutojua sheria si sababu. Uzembe wa wakili kwa kawaida si sababu pia, jambo ambalo naliona kali mno kwa mteja aliyelipa, aliyefuatilia, na ambaye hakuambiwa ukweli.

Zuio la kukazia hukumu lina vipimo vyake. Mwombaji aonyeshe kwamba bila zuio atapata hasara kubwa, kwamba ameomba bila kuchelewa, na kwamba ameweka dhamana ya kutimiza tuzo endapo atashindwa. Hasara ielezwe kwa vitu: mashine gani, nyumba ipi, mshinda tuzo ana uwezo gani wa kurudisha fedha. Dhamana si lazima iwe mezani siku ya kusikilizwa. Katika shauri la Mantrac Tanzania, Maombi ya Madai Na. 11 ya 2010, Mahakama ya Rufani ilieleza kuwa ahadi thabiti ya kuiweka inaweza kutosha, na mahakama ikapanga muda wa kuitimiza. Katika mahakama hiyo maombi hufunguliwa ndani ya siku 14 tangu mdaiwa apewe notisi ya utekelezaji au apate habari zake, yakiambatana na notisi ya rufaa, hukumu, tuzo na notisi ya utekelezaji. Mashauri yaliyoanzia Mahakama ya Mwanzo yana kanuni zake tofauti.

Tazama basi alipo aliyechelewa. Mahakama iliyotoa tuzo inaweza kusimamisha utekelezaji, lakini kabla muda wa kukata rufaa haujaisha. Mahakama ya Rufani inataka kwanza kuona notisi ya rufaa iliyowekwa ipasavyo. Yeye amekosa vyote viwili. Bado anaomba ruhusa tu ya kuingia, huku dalali akiorodhesha mali. Wakili makini huwasilisha maombi ya muda chini ya hati ya dharura, anaiomba mahakama iyasikilize mapema, na akikubaliwa huingiza rufaa na maombi ya zuio bila kulala usiku. Pengo hili ni halisi, na naamini watunga kanuni wangepaswa kulijazia kwa zuio la muda mfupi, lenye dhamana, kwa mtu ambaye maombi yake ya muda yana sura ya ukweli.

Maana utekelezaji ukikamilika, hakuna tena cha kuzuia. Nyumba ikishauzwa na mnunuzi akishakabidhiwa, mahakama hujibu kwamba maombi yamepitwa na wakati. Rufaa ikishinda baadaye, Sura ya 33 inaruhusu kuomba kurudishiwa kilichochukuliwa. Fedha zinaweza kurudi, kama mshinda tuzo bado anazo. Nyumba iliyokwisha kupita kwenye mnada na kuandikishwa kwa jina la mtu wa tatu ni jambo jingine, na kuidai kunaweza kuwa mwanzo wa shauri jipya, lenye muda wake wa ukomo.