Kuvizuru Vizingiti vya Mitume

Waalimu wengi wametuuliza maana ya maneno ya Kilatini *ad limina apostolorum*. *Limen* ni kizingiti, ule mti au jiwe la chini ya mlango. Basi tafsiri yake ni "kwenye vizingiti vya Mitume," yaani Petro na Paulo waliozikwa Roma. Wengine hufasiri "ziara ya Baba Mtakatifu." Tafsiri hiyo ina kasoro mbili: yaweza kudhaniwa kwamba Papa ndiye aendaye, tena yayaacha makaburi, ambayo ndiyo asili ya safari yenyewe. Sisi twapenda kizingiti kibaki, maana kila Mswahili ajua adabu ya mtu asimamaye hapo akipiga hodi.

Mfano wake hutafutwa kwa Mtakatifu Paulo, aliyepanda Yerusalemu kumwona Kefa akakaa kwake siku 15 (Wagalatia 1:18). Lakini yafaa kusoma mbele kidogo: katika sura ya pili Paulo yuyo huyo ampinga Kefa uso kwa uso huko Antiokia. Kumwendea mkubwa, basi, si kufungwa kinywa.

Desturi ni ya kale. Mwaka 743 sinodi ya Roma, chini ya Papa Zakaria, iliwaagiza maaskofu wa karibu waliowekwa na Papa waje kila mwaka mwezi wa Mei. Lakini aliyeifanya kuwa sheria yenye hesabu ni Papa Sixtus V, tarehe 20 Desemba 1585: maaskofu wa Italia waje kila miaka 3, wa Ufaransa na Hispania kila miaka 4, wa mbali zaidi katika Ulaya kila miaka 5, na wa Asia na Amerika kila miaka 10. Miaka 10 si mingi kwa mtu wa Mexico au Peru aliyengojea merikebu na upepo. Ndiyo sababu wengi walimtuma padre awe wakili wao. Mwaka 1909 Papa Pius X aliweka miaka 5 kwa wote, ila walio nje ya Ulaya waliruhusiwa kwenda kila miaka 10.

Huku kwetu, hata mwaka 1953, waliotawala walikuwa wakuu wa vikarieti, nao waliweza kuwakilishwa hata na mtu akaaye Roma. Mwaka huo yalisimikwa majimbo kamili katika Tanganyika, Kenya na Uganda, na wajibu ukawa mzito zaidi: askofu aende mwenyewe, au akizuiliwa, amtume msaidizi wake au padre akaaye jimboni.

Haendi mikono mitupu. Huchukua taarifa ya hali ya jimbo, na taarifa za karne zilizopita zimehifadhiwa Vatikani, ambako wanahistoria huzisoma hata leo. Hapo ndipo jambo lamgusa mwalimu wa kigango. Hesabu ya ubatizo na ndoa hutoka katika daftari lake, hupanda kwa paroko, kisha kwa askofu, na mwisho hufika Roma. Sisi wenyewe, mwaka mmoja wa mvua nyingi, tuliandika idadi ya wakatekumeni kwa kukisia, kwa kuwa mto ulikuwa umefurika na hatukuvuka kuwahesabu. Hatukujua kisia letu lingesafiri mbali hivyo.