Rejea ya volti

Rejea ya volti ni saketi ndogo inayotoa volti ileile, joto lipande au lishuke, betri ijae au ipungue, ili vipimo vingine vya umeme vilinganishwe nayo. Kila mita ya dijitali, kila chaja kontrola ya sola na karibu kila chaja ya simu ina rejea yake ndani, ingawa nyingi ni za bei rahisi na huyumba. Makala hii inahusu zile ambazo fundi hujiundia mwenyewe mezani, hasa fundi aliye mbali na maabara, kama ilivyo Ikola, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, Wilaya ya Tanganyika, Mkoa wa Katavi.

Mahitaji

Kwa miaka mingi umeme wa mji wa Mpanda, katika mkoa huohuo, ulitoka kwenye majenereta ya dizeli ya TANESCO, nje ya gridi ya taifa, na vijiji vya ufukweni vikajitegemea kwa sola na betri. Hata uvuvi wa dagaa, ambao zamani ulifanyika kwa mwanga wa karabai, umehamia kwenye taa za LED zinazowashwa na betri mtumbwini. Kontrola inayolinda betri hizo haijui volti ni nini. Kazi yake ni kulinganisha betri na rejea iliyomo ndani yake. Betri ya risasi ya volti 12 huchajiwa hadi volti 14.4 hivi. Rejea ikikosea kwa asilimia 2, kikomo hicho kinahama kwa karibu volti 0.3. Kikihamia juu, maji ya betri yanachemka na kukauka. Kikihamia chini, betri haijai hata siku moja, taa zinazimika usiku wa manane, na lawama zote anabebeshwa muuza betri.

Betri za lithiamu za fosfeti ya chuma zinadai umakini zaidi, kwa sababu volti yake hubaki karibu palepale tangu chaji ikiwa robo hadi ikiwa robo tatu. Anayetaka kujua kilichobaki kwa kusoma volti lazima aweze kutofautisha milivolti. Mafundi wengi huanza na bodi ya Arduino wakidhani imeshamaliza kazi. Chipu yake ya ATmega328 ina rejea ya ndani ya volti 1.1, lakini mtengenezaji mwenyewe anaahidi tu kwamba itakuwa mahali fulani kati ya 1.0 na 1.2. Ukiiacha itumie volti 5 za chaja ya simu, mambo huwa mabaya zaidi.

Asili

Kabla ya chipu kulikuwa na seli ya Weston, iliyobuniwa na Edward Weston mwaka 1893: kadimi na zebaki ndani ya kioo chenye umbo la herufi H, ikitoa volti 1.0183 kwenye nyuzi 20 za Selsiasi. Mwaka 1911 ilikubaliwa kuwa kipimo cha kimataifa. Haikupaswa kutikiswa wala kupinduliwa, sharti ambalo lori la njia ya Mpanda lisingelitimiza. Leo maabara kuu za dunia hupata volti kutokana na athari aliyoitabiri Brian Josephson mwaka 1962, ambapo volti hukokotolewa kutoka kwenye masafa ya mawimbi. Vifaa hivyo kwa kawaida hupozwa kwa heliamu ya kimiminika, kwa hiyo tuviache hukohuko.

Chipu za kuchagua

Kipo kipande kimoja kinachopatikana bure katika kila kijiji chenye televisheni au dekoda iliyokufa: TL431 ya kampuni ya Texas Instruments. Ina miguu mitatu, inafanana na transista ndogo, na hukaa karibu na optokapla kwenye pawasaplai. Ukiunganisha mguu wa rejea na kathodi na kuipitishia zaidi ya miliampia 1, inatoa volti 2.495. Hutumia mbinu ambayo Bob Widlar aliiweka kwenye chipu ya LM113 mwaka 1971: volti ya transista inayoshuka kwa takriban milivolti 2 kwa kila nyuzi hujumlishwa na nyingine inayopanda joto likipanda, na jumla yake hutulia karibu volti 1.2. Mizani hiyo haikamiliki. Kati ya alfajiri na saa nane mchana TL431 inaweza kusogea kwa milivolti moja au zaidi, jambo lisilomsumbua mtengeneza chaja lakini linalomkera anayepima.

Hatua inayofuata ni LM399, kazi ya Bob Dobkin akiwa National Semiconductor katika miaka ya 1970. Ndani yake kuna zena iliyozikwa chini ya uso wa silikoni, mahali ambapo uchafu na chaji za juu haziifikii, pamoja na hita inayoiweka kwenye nyuzi 90 hivi muda wote. Hutoa karibu volti 6.95, na kwa kila nyuzi moja ya joto la nje hubadilika kwa chini ya sehemu moja kwa milioni. Jua la Ikola haliikaribii nyuzi 90, kwa hiyo hita huwa na nafasi ya kutosha ya kufanya kazi. Dobkin baadaye alibuni LTZ1000, ambayo ndiyo roho ya mita ghali kuliko zote, na mafundi wa mchezo huu duniani huiota usiku. Kwa fundi wa ufukweni, kuanza nayo ni kutupa pesa: inadai rizista za gharama kubwa, na ubora wake hauwezi kuonekana bila kitu cha kuulinganisha nacho.

LM399 hununuliwa mara nyingi ikiwa imeng'olewa kwenye mashine chakavu. Hilo si kasoro. Zena iliyokwisha kukaa na moto kwa miaka husogea kidogo kuliko mpya, ambayo inahitaji kuachwa ikiwaka kwa saa 1,000 au zaidi kabla ya kuaminiwa.

Ujenzi

Kosa la kawaida ni kulisha zena moja kwa moja kutoka kwenye betri. Chukua betri ya volti 12 na rizista ya kiloomu 5: zena inapata miliampia 1, sawasawa na inavyotaka. Wingu likipita juu ya paneli na betri ikashuka kwa volti 1, mkondo unapungua kwa mikroampia 200. Zena ina ukinzani wa ndani wa karibu nusu omu, hivyo volti yake inashuka kwa mikrovolti 100, yaani sehemu 14 kwa milioni. Kazi yote ya hita imeharibiwa na wingu moja. Dawa yake ni opampu inayokuza volti 6.95 hadi 10, kisha rizista ya zena inaunganishwa na hizo 10 badala ya betri. Hapo zena inajilisha kwa volti ambayo yenyewe imeituliza. Chanzo cha opampu kiwe na volti 15 hivi ili ipate nafasi ya kupumua.

Tatizo linahamia kwenye rizista mbili zinazoamua ukuzaji. Rizista za kawaida za utando wa chuma hubadilika kwa sehemu 50 hadi 100 kwa milioni kwa kila nyuzi. Kinachookoa ni kwamba uwiano wao ndio wenye maana: zikiwa za aina moja, kutoka mkanda mmoja, na zimegusana ili zishiriki joto, sehemu kubwa ya mabadiliko inafutana. Asiyehitaji volti 10 kamili afanye jambo la busara zaidi, asome 6.95 yenyewe na aziache rizista hizo zitumike kulisha zena tu.

Upepo wa ziwani ni adui asiyetajwa sana. Miguu ya chipu za kopo la chuma hutengenezwa kwa aloi ya kovari, na pale inapokutana na shaba huzaliwa volti ya takriban mikrovolti 40 kwa kila nyuzi. Mguu mmoja ukipoa kuliko mwenzake kwa sehemu ya kumi tu ya nyuzi, tayari kuna mikrovolti 4 zisizo na mwenyewe. Chipu ifunikwe kofia ya plastiki, miguu yote ikatwe urefu mmoja, na bodi nzima iingie kwenye kisanduku cha bati kilichofungwa. Masika yana lake pia: bodi na chipu za plastiki hunyonya unyevu, huvimba kidogo na kuikaza silikoni. Ndiyo maana kopo la chuma linastahili bei yake mahali hapa, hata pale takwimu za chipu ya plastiki zinapopendeza kwenye karatasi.

Hita hula takriban robo wati, chini kidogo au juu kidogo kwa kadiri ya joto la chumba, ingawa inapowashwa huomba hadi miliampia 200 kwa muda mfupi. Kwa siku nzima ni wati-saa 6 hivi; betri ndogo ya ampia-saa 7 inaibeba kwa siku kadhaa bila jua.

Kulinganisha

Mita ya fundi yenye kosa la asilimia 0.5 haiwezi kuona sehemu 14 kwa milioni ikisoma volti 6.95. Inaweza ikipewa tofauti. Unganisha hasi za rejea mbili, kisha pima kati ya chanya na chanya kwenye eneo la milivolti 60. Hapo tarakimu ya mwisho ni mikrovolti 10, sawa na sehemu moja na nusu kwa milioni ya volti kamili. Mita ya bei ya chini imegeuka chombo cha maabara, mradi unachofuatilia ni mabadiliko, wala si thamani yenyewe. Ziundwe rejea tatu: mbili zikitofautiana hujui ipi imehama, lakini ya tatu humtaja mkosaji.

Thamani halisi inatafutwa Dar es Salaam. Wakala wa Vipimo hushughulika na vipimo vya biashara, kama mizani na pampu za mafuta. Maabara ya metrolojia iko kwenye Shirika la Viwango Tanzania, TBS, lililoundwa kwa Sheria Na. 3 ya 1975. Rejea moja husafirishwa ikiwa inawaka, na betri yake, kwa gari hadi Mpanda na kwa treni inayoikuta Reli ya Kati Kaliua. Mbili hubaki nyumbani. Kabla ya safari tofauti zote tatu huandikwa pamoja na tarehe na joto la chumba, na hupimwa tena msafiri akirudi. Zikiwa zilezile, namba iliyo kwenye cheti inahamishiwa kwa zile mbili kwa kujumlisha au kutoa. Msafiri akiwa amehama dhidi ya zote mbili, cheti kinaeleza alivyokuwa Dar es Salaam, na safari lazima irudiwe.