Timu ya mwaka 1951 iliyokataa kuwaacha wenzao

Wahami mlio kambini, swali la nani aondoke na nani abaki mnalijua. Mwaka 1951, miaka sita baada ya vita vikuu vya pili vya dunia, timu ya Chuo Kikuu cha San Francisco, Marekani, ilishinda mechi zake zote 9 za mpira wa Kimarekani, ule wa kushika mkononi. Wachezaji walisimulia sharti lililowekwa ili waalikwe kwenye michezo mikubwa ya Kusini: Ollie Matson na Burl Toler, weusi, wasije. Wenzao wakakataa. Pesa za mwaliko zilikosekana, chuo kikavunja timu. Matson alipata medali 2 Helsinki 1952. Toler, mwaka 1965, akawa mwamuzi mweusi wa kwanza uwanjani katika ligi kuu ya mchezo huo. Timu ilikufa, lakini hakuna aliyeachwa.