RISC OS: Mfumo wa Kompyuta Uliolelewa Madarasani

Kila kompyuta ina mtumishi asiyeonekana ambaye huamka kabla ya programu nyingine zote. Yeye ndiye anayepokea herufi tunazobonyeza, anayetunza majalada yetu, anayegawa nafasi ya kazi baina ya programu mbalimbali, na anayechora kila tunachokiona kiooni. Mtumishi huyu huitwa mfumo endeshi. Wengi wetu tunafahamu mifumo miwili au mitatu tu, kwa kuwa ndiyo iliyoenea maofisini na katika simu zetu: ule wa Microsoft, ule wa Google na ule wa Apple.

Katika makala haya tunakusudia kueleza historia ya mfumo mdogo, RISC OS, uliozaliwa katika mji wa Cambridge, Uingereza. Ulitumika kwa wingi katika shule za nchi hiyo, ukaachwa na kampuni iliyouzaa mwaka 1998, na hata leo wako watu wanaoutumia kwa kazi zao za kila siku. Swali tunalotaka kulijibu ni hili: chombo kilichokosa soko huishi kwa nguvu gani? Sisi tunaofundisha Kiswahili mahali ambapo mwanafunzi ana lugha nyingine nyumbani na nyingine tena ya kutafutia kazi, hatuwezi kuliona swali hili kuwa geni.

ASILI YAKE

Mnamo mwaka 1978, Hermann Hauser na Chris Curry walianzisha kampuni ndogo ya kompyuta mjini Cambridge, ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Acorn. Wakati huo shirika la utangazaji la BBC lilikuwa likitafuta kompyuta ya kuambatana na mafunzo yake ya televisheni, ili wananchi wajifunze chombo hiki kipya kwa vitendo. Acorn walipewa kazi hiyo, na kompyuta yao, BBC Micro, ikatoka mwezi Desemba 1981. Mafunzo ya televisheni yalianza Januari 1982. Serikali ya Uingereza ilisaidia shule kulipa gharama, na kompyuta ambayo mwanzoni ilitazamiwa kuuzwa kwa maelfu machache ikauzwa zaidi ya milioni moja.

Hapa yatupasa kutaja jambo moja ambalo ni msingi wa yote yatakayofuata. Kompyuta ile haikuletwa darasani ili mwanafunzi ajifunze kubonyeza tu. Mara ilipowashwa, ilimwonyesha mstari mtupu na kungoja aiandikie amri kwa lugha ya BASIC, ambayo Sophie Wilson aliitunga kwa ajili yake. Mtoto alikuwa mwandishi wa programu kabla hajawa mtumiaji wake.

KICHAKATAJI KIPYA

Baada ya mafanikio hayo, Acorn walitafuta kichakataji, yaani ubongo wa kompyuta, chenye nguvu zaidi. Hawakuridhika na vile vilivyokuwa sokoni, hivyo wakaamua kubuni chao wenyewe. Sophie Wilson alibuni amri zake, na Steve Furber akabuni umbile lake. Walifuata nadharia iliyokuwa mpya siku zile, kwamba kichakataji chenye amri chache na nyepesi huweza kufanya kazi haraka kuliko chenye amri nyingi na nzito. Nadharia hiyo kwa Kiingereza hufupishwa RISC, na ndiyo asili ya jina la mfumo tunaouzungumzia.

Chipu ya kwanza ilifika kutoka kiwandani mwezi Aprili 1985, nayo ikafanya kazi siku ile ile. Furber alisimulia baadaye kwamba alipotaka kupima umeme unaotumiwa na chipu, kipimo kilionyesha sufuri. Ilibainika kwamba waya wa umeme wa chipu haukuwa umeunganishwa, nayo ilikuwa ikiendeshwa na umeme mdogo uliopenya kupitia waya za mawasiliano. Chipu hiyo iliitwa ARM. Mwaka 1990 Acorn, Apple na kampuni ya VLSI waliunda kampuni mpya ya kuiendeleza. Sifa ile ya kutumia umeme kidogo ndiyo iliyoipeleka katika simu za mkononi, ambazo leo karibu zote huendeshwa na vichakataji vya nasaba hiyo. Msomaji wetu mwenye simu ya kisasa, akiwa Kampala, Kigali, Bujumbura au Bukavu, amebeba mfukoni mjukuu wa kazi ile ya Cambridge.

NAMNA MFUMO ULIVYOFANYA KAZI

Kompyuta ya kwanza iliyotumia ubongo huo, Archimedes, ilitoka mwaka 1987. Mfumo mkubwa uliokuwa ukitayarishwa kwa ajili yake ulichelewa, kwa hiyo uliandikwa mwingine kwa haraka, ukaitwa Arthur. Arthur uliboreshwa na kupewa jina la RISC OS, nao ukawafikia watumiaji mwaka 1989.

Mfumo huo ulikaa ndani ya chipu za kompyuta yenyewe wala si katika diski, hivyo mwalimu aliyewasha mashine aliweza kuanza kazi baada ya sekunde chache. Kipanya chake kilikuwa na vitufe vitatu: cha kuchagua, cha kufungua orodha ya amri, na cha kurekebisha. Orodha ya amri haikubandikwa juu ya kioo, bali ilifunguka pale pale mkono ulipokuwa. Kuhifadhi waraka kulikuwa kama kuweka karatasi kabatini: mtumiaji aliiburuta picha ndogo ya waraka na kuidondosha katika folda aliyoitaka. Aliweza vilevile kuidondosha katika programu nyingine, na mchoro ukaingia katika insha bila kupitia diskini.

Jambo lingine lingewapendeza wafasiri miongoni mwetu. Katika RISC OS, kubonyeza ndani ya dirisha hakulileti mbele ya madirisha mengine. Mtu aliweza kuuacha waraka asilia mbele ya macho yake huku akiandika tafsiri katika dirisha lililo nyuma, na hakuna lililofunika jingine pasipo idhini yake. Aidha, herufi zilichorwa kwa kingo laini, na kioo kiliikaribia karatasi iliyopigwa chapa, kabla jambo hilo halijazoeleka katika kompyuta za maofisini. Programu kadhaa za uandishi na uchoraji zilitungwa kwa ajili yake. Sibelius, programu ya kuandikia muziki iliyokuja kujulikana duniani kote, ilianza kuuzwa mwaka 1993 kwa kompyuta za Acorn.

Haki yatutaka tutaje kasoro pia. Programu za mfumo huu huachiana nafasi kwa hiari, kama wasemaji katika kikao kisicho na mwenyekiti. Mmoja akikataa kunyamaza, kikao kizima husimama. Kwa miaka mingi jina la faili halikuweza kuzidi herufi 10, wala folda moja kubeba vitu zaidi ya 77. Vizuizi hivyo viliondolewa mwaka 1999, wakati mifumo mingine ilikuwa imekwisha kuvisahau.

KUACHWA KWAKE

Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Historia hii yatufundisha kwamba sivyo ilivyo siku zote. Katika miaka ya 1990, maofisi yalikuwa yamekwisha kuchagua Windows. Wazazi na wakuu wa shule wakauliza swali ambalo mwalimu yeyote wa lugha amewahi kulisikia: je, hiki mnachowafundisha watoto wetu kitawasaidia kupata kazi? Mashine iliyosifiwa kwa kufundisha kufikiri ilianza kuonekana kuwa kikwazo. Shule moja baada ya nyingine ziliibadilisha. Mwezi Septemba 1998 Acorn walifunga idara yao ya kompyuta, na mashine mpya iliyokuwa karibu kutoka, iitwayo Phoebe, ikafutwa.

Kwa desturi hapo ndipo hadithi huishia. Lakini watumiaji walikuwa na nyaraka zao, michoro yao, hesabu zao na mazoea ya miaka kumi, nao hawakukubali kuvitupa. Mwaka 1999 kampuni mpya, RISCOS Ltd, ilitoa toleo la nne. Mwaka 2002 kampuni ya Castle ilitoa kompyuta iitwayo Iyonix yenye toleo la tano. Mfumo uliokuwa mdogo ukagawanyika matawi mawili, na ugomvi wa haki miliki ukala nguvu za watu wachache waliobaki.

Pamoja na hayo, vichakataji vipya vya ARM vilikuwa vimeacha namna ya kale ya kuhesabu anwani za kumbukumbu, na programu za zamani hazikuweza kuendeshwa juu yake pasipo kurekebishwa. Pale mtungaji alipokuwapo, alizirekebisha. Pale alipokuwa amekwenda zake na kuondoka na matini ya programu yake, chombo kilibaki kama kitabu ambacho hakuna awezaye kukipiga chapa tena. Wengine waliokolewa na programu za mwigo, ambazo huifanya mashine mpya ijifanye kuukuu.

Mabadiliko makubwa yalianza mwaka 2006, ilipoundwa RISC OS Open, ambayo kazi yake ni kuyaweka wazi matini ya mfumo ili wenye ujuzi waweze kuyasoma na kuyasahihisha. Mwaka 2018 toleo la tano liliwekwa chini ya leseni huria. Tangu hapo hakuna kampuni iwezayo kuuzika mfumo huo kwa uamuzi wa siku moja.

KAZI ZA KILA SIKU

Mwaka 2012 ilitokea Raspberry Pi, kompyuta ndogo isiyozidi ukubwa wa kadi ya benki, iliyobuniwa Cambridge kwa ajili ya kuwafundisha vijana kuandika programu. Ubongo wake ni ARM, na kabla mwaka huo haujaisha RISC OS ulikuwa ukiendeshwa juu yake. Mfumo uliozaliwa kwa ajili ya shule ulipata tena mashine ya bei nafuu.

Mtu autumiaye leo aweza kuandika barua, kutunza hesabu, kuchora, kupanga kurasa za jarida na kupokea barua pepe. Aweza pia kufungua BASIC na kuandika programu kwa lugha ile ile iliyofundishwa mwaka 1982. Kiswahili kwa hati ya Kilatini hakimpi taabu, kwa kuwa herufi zetu hazina alama za ziada isipokuwa kile kibainishi cha ng'. Toleo la mwaka 2024 liliongeza uwezo wa kuunganisha Raspberry Pi na mtandao bila waya.

Asichoweza kufanya kwa urahisi ni kuingia katika kurasa nyingi za kisasa za intaneti. Kivinjari cha NetSurf, kilichoanza kutungwa mwaka 2002 kwa ajili ya mfumo huu, ni chepesi na husoma vizuri kurasa za maandishi, lakini hushindwa na zile zilizo programu nzima ndani yake. Kwa mambo ya benki na mikutano ya video, mtumiaji hulazimika kuwa na mashine nyingine kando.

MTOTO ANAPOMWACHA MZAZI

Hatari kubwa zaidi imetoka nyumbani. Sehemu kubwa ya RISC OS iliandikwa kwa amri za kichakataji chenyewe, neno kwa neno, na ndiyo sababu ya wepesi wake. Lakini mwaka 2011 ARM walitangaza muundo mpya wa biti 64, wenye lugha nyingine ya amri, na vichakataji vyao vipya vinaiacha hatua kwa hatua ile ya biti 32. Raspberry Pi 5 ya mwaka 2023 huielewa lugha ya kale kwa programu za kawaida tu, wala si kwa mfumo endeshi. Chipu iliyobuniwa na Acorn imekua, imeenea duniani, na sasa inaisahau lugha ya nyumbani kwao. Waliobaki wana njia mbili: kuuandika upya mfumo wenyewe, au kuuendesha kama mgeni juu ya mfumo mwingine. Njia ya kwanza ni ndefu kwa watu wachache. Ya pili ni kukubali kuwa mpangaji katika nyumba ya mwingine.

HITIMISHO

Tumeona kwamba RISC OS haukuokolewa na ubora wake. Ulikuwa bora mwaka 1998 vilevile, na siku hiyo ubora haukuusaidia. Uliokolewa na mambo mawili: kwanza, watu waliokuwa na kazi halisi ya kuufanyia, kwa maana chombo kisichotumiwa hufa hata kikihifadhiwa, pili, matini yake kuwekwa wazi, hata mwanagenzi akaweza kushika kazi pale fundi mzee alipoiachia. Tumeona pia kwamba programu zilizokufa kabisa ni zile ambazo mtungaji wake hakumwachia mtu maandishi.

Sisi walimu tuna maandishi ya namna hiyo: mitihani, orodha za istilahi, mikusanyo ya methali, tafsiri tulizozitunga kwa miaka mingi. Mengi yamo katika faili ambazo programu moja tu yaweza kuzifungua, ndani ya kompyuta ya mtu mmoja. Tuyahifadhi kwa maandishi ya kawaida yanayosomeka na mfumo wowote, na tuwape wenzetu nakala. Programu iliyofungiwa na fundi mmoja ilikwenda naye. Na somo lililofungiwa na mwalimu mmoja litakwenda vivyo hivyo.