Jengo Lililogeuka Skrini

Leo historia kidogo.

Septemba 2001, wanachama wa Chaos Computer Club waligeuza orofa 8 za juu za jengo la Haus des Lehrers, Berlin, kuwa skrini. Kila orofa ilikuwa na madirisha 18, jumla 144, na nyuma ya kila dirisha taa moja iliyowashwa na kuzimwa na tarakilishi. Mpita njia alipiga simu, akabonyeza vitufe na kucheza Pong ukutani. Wengine walichora vikatuni wakavituma kwa intaneti. Mradi huo, Blinkenlights, uliisha Februari 2002.

Huku Eastlands pia ujumbe huwasha taa. Tokeni zikiisha unalipa kwa M-Pesa, SMS inakuja na tarakimu 20, unazibonyeza kwenye mita, stima inarudi. Lakini jengo la Berlin lilikuwa tupu. Yetu yamejaa watu. Pipeline maghorofa yamebanana hivi kwamba wengi huwasha taa hata mchana. Hapo dirisha lenye mwanga si nukta ya picha, ni jirani aliyepata pesa ya tokeni. Je, nani angekubali kuzima yake ili sisi tucheze Pong?