Miezi Miwili ya Shaka ya Imam Ghazali

Pwani yetu inamsoma Imam Ghazali tangu zamani. Ibn Battuta alipopita Mombasa na Kilwa mwaka 1331 aliwakuta wenyeji wakifuata madhehebu ya Imam Shafii, na Ghazali ni Mshafii. Hadi leo kitabu chake, Ihya, husomeshwa darsani, na hata asiyejua Kiarabu humtaja kwa lakabu yake, Hujjatul Islam. Lakini tunayemsikia darsani ni Ghazali wa toba, wa adabu za kula na kulala, wa maradhi ya moyo. Mimi nimesomesha hisabati maisha yangu yote, na ninayempenda zaidi ni yule Ghazali mwingine, aliyeyatilia shaka hata macho yake mwenyewe.

Alizaliwa Tus, katika nchi ya Khurasan, mwaka 1058 hivi. Akasoma Nishapur kwa Imam al-Juwayni mpaka mwalimu wake huyo alipofariki mwaka 1085. Kisha akaingia katika baraza la Nizam al-Mulk, waziri mkuu wa masultani wa Kiseljuki, ambaye mwaka 1091 alimpa kiti cha kufundisha katika madrasa ya Nizamiyya, Baghdad. Wanafunzi wake walifika 300. Kwa mwanachuoni wa zama zile, cheo kikubwa kuliko hicho kilikuwa kigumu kupatikana.

Katika al-Munqidh min al-Dalal, kitabu alichosimulia humo safari ya akili yake, anasema aliacha kufuata mkumbo tangu ujana. Aliona watoto wa Kikristo hukua Wakristo, wa Kiyahudi Wayahudi, na wa Kiislamu Waislamu. Akajiuliza: basi mimi nina nini mkononi kisichotokana na kuzaliwa tu nyumbani kwetu? Akajiwekea kipimo cha yakini, na kipimo chenyewe ni cha hesabu. Ukijua kwamba 10 ni zaidi ya 3, akaja mtu akadai 3 ndiyo zaidi, na kwa ushahidi akaigeuza fimbo yake kuwa nyoka mbele ya macho yako, utastaajabia uwezo wake, lakini hesabu yako haitatikisika. Elimu isiyofika hapo, kwake, haikuwa ya yakini.

Akaanza na milango ya fahamu. Mfano wake mmoja ninautumia shuleni mpaka leo. Nachomeka fimbo uwanjani na kuwaambia wanafunzi wakikazie macho kivuli chake. Wanatazama, wanatazama, wanasema kimesimama. Natia alama kwenye ncha yake, tunaingia darasani. Kengele ikilia tunatoka, na kivuli kimeiacha alama. Hakikuruka, kilikuwa kikisogea muda wote tuliokuwa tukiapa kwamba kimetulia. Nyota nayo, anasema, jicho huiona ndogo kama dinari, na jiometri ikathibitisha kuwa ni kubwa kuliko dunia. Jicho limehukumu, akili imelikanusha.

Wengi wangetua hapo, wakaikabidhi akili kila kitu. Ghazali akaisikia hoja ya upande wa pili, kana kwamba macho yanajitetea: ulituamini sisi mpaka akili ilipokuja kutukadhibisha, una hakika gani kwamba nyuma ya akili hakuna hakimu mwingine, ambaye akitokea ataikadhibisha nayo? Ndotoni huyaamini unayoyaona, na ukizinduka ndipo unapojua hayakuwa na msingi. Alitafuta jibu akalikosa, na sababu aliyoitaja ni ya kimantiki kabisa. Kila hoja hujengwa juu ya misingi isiyohitaji hoja, na misingi hiyohiyo ndiyo iliyokuwa imeingiwa na shaka. Akakaa katika hali hiyo karibu miezi miwili, bila kuitamka. Anasema hakuponywa na hoja, bali na nuru aliyoitia Mwenyezi Mungu kifuani mwake, na ile misingi ya akili ikarudi kuaminika.

Mwanafalsafa René Descartes alipita njia inayofanana sana na hii katika kitabu alichokitoa mwaka 1641: macho yanayodanganya, ndoto, msingi wa hesabu. Yeye alitoka katika shaka kwa kushika kwamba anayeshuku hana budi awepo. Ghazali hakudai kujiokoa mwenyewe, na mimi namwona mkweli zaidi kwa hilo, kwa kuwa hakuificha sehemu ambayo hoja zilimwishia.

Wala Ghazali hakutoka katika shaka yake akiichukia akili. Aliisoma falsafa katika saa alizozipata baina ya masomo, kwa muda usiofika miaka miwili, akakaa karibu mwaka mwingine akiitafakari, kisha akaandika Tahafut al-Falasifa, ambamo aliwajadili wanafalsafa katika masuala 20. Katika kitabu hichohicho anaonya kwamba anayepinga maelezo ya wanajimu kuhusu kupatwa kwa jua na mwezi, akidhani anaitetea dini, anaidhuru, kwa sababu maelezo hayo yana hesabu isiyopingika. Maneno hayo niliyakumbuka tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa na watu wakamiminika Rujewa, Mbeya, na wanafunzi wangu wakaniuliza iwapo ni dhambi kuijua saa yake mapema.

Mwaka 1095 ulimi wake ulifungika mbele ya wanafunzi, chakula hakikupita, na matabibu wakakata tamaa. Akaiacha Baghdad na cheo chake, akaenda Dameski, Baitul Maqdis na Hija. Aliporudi kufundisha, mwaka 1106, ilikuwa Nishapur, na umri wake ulikuwa unakaribia 50. Munqidh aliiandika baada ya hapo, kumjibu mtu aliyetaka kujua amepata nini katika elimu zote hizo. Ile shaka yake ya miezi miwili hakuna aliyewahi kuiona. Angeweza kuiruka, na hakuiruka.