Okafor na Howard: Majabali wawili wa vikapu waliowaweka wateuzi katika njia panda

MNAMO Juni 24, 2004, timu za ligi ya mpira wa vikapu ya Marekani, NBA, zilikutana katika ukumbi wa Madison Square Garden jijini New York kuteua chipukizi, kama ilivyo desturi yao ya kila mwaka. Haki ya kuchagua kabla ya wengine wote ilikuwa mikononi mwa Orlando Magic, timu iliyokuwa imeshinda mechi 21 pekee na kupoteza 61 katika msimu uliotangulia.

Mbele ya viongozi wa Orlando walikuwepo vijana wawili waliokaribiana kwa kimo, kila mmoja akiwa na urefu wa futi 6 na inchi 10 hivi, na wote wakicheza karibu na kikapu. Emeka Okafor, mwenye umri wa miaka 21, alikuwa bingwa wa vyuo vikuu nchini mwake. Dwight Howard, mwenye umri wa miaka 18, alikuwa ndiyo kwanza amemaliza shule ya upili.

Orlando ilimchagua Howard. Okafor alichukuliwa wa pili na Charlotte Bobcats, timu mpya iliyokuwa bado haijacheza hata mechi moja. Tangu siku hiyo, swali la ni nani kati yao aliyekuwa na kipawa kikubwa zaidi limejibiwa mara mbili, na jibu la pili likapingana na la kwanza.

Okafor: Msomi aliyekuwa ameiva

Chukwuemeka Okafor alizaliwa jijini Houston mnamo Septemba 28, 1982, na wazazi wenye asili ya kabila la Igbo nchini Nigeria. Alikulia katika jiji ambalo Mnigeria mwingine, Hakeem Olajuwon, aliiongoza timu ya Rockets kutwaa ubingwa wa NBA mwaka wa 1994 na 1995.

Alijiunga na Chuo Kikuu cha Connecticut chini ya kocha Jim Calhoun. Darasani alikamilisha kwa miaka mitatu shahada ya masuala ya fedha ambayo kwa kawaida huchukua minne. Uwanjani alijulikana kwa kuzuia mitupo. Hakuwa mwepesi wa kuruka kuliko wenzake, bali alisubiri, akaupima mwendo wa mpira, kisha akanyoosha mkono kwa wakati ufaao. Mnamo Aprili 2004, Connecticut iliilaza Georgia Tech 82-73 katika fainali ya vyuo vikuu. Okafor alifunga alama 24, akadaka ribaundi 15, yaani mipira iliyokosa wavu na kurudi uwanjani, na akatangazwa mchezaji bora wa awamu hiyo ya mwisho.

Doa lilikuwa moja tu: mgongo. Maumivu yalikuwa yamemsumbua msimu huohuo, na kwa mchezaji mrefu wa kati, mgongo ndio mhimili wa kila kitu.

Howard: Kinda asiyepimwa

Dwight Howard alizaliwa Desemba 8, 1985, jijini Atlanta, na kusomea katika shule ndogo ya Kikristo jijini humo, Southwest Atlanta Christian Academy. Mabega yalikuwa mapana, miguu myepesi, na aliruka kwa namna isiyo ya kawaida kwa mtu wa kimo chake. Hata hivyo, hakuna aliyekuwa amemwona akipambana msimu mzima na watu wazima.

Historia ya karibu haikuwasaidia wateuzi. Mwaka wa 2001, Washington Wizards ilimteua Kwame Brown kuwa wa kwanza akitokea shule ya upili, naye hakuwahi kuyafikia matarajio yaliyowekwa mabegani mwake. Mwaka wa 2003, Cleveland Cavaliers ilimteua LeBron James, ambaye pia alitoka moja kwa moja shuleni, naye akawa mchezaji bora miongoni mwa wageni wa ligi katika msimu wake wa kwanza. Aliyetaka kumchagua Howard alikuwa na mfano wa kutaja, na aliyetaka kumkataa alikuwa na wake.

Jibu la kwanza

Msimu wa 2004-05 ulipomalizika, wengi waliamini kwamba Orlando ilikuwa imekosea. Okafor alikuwa na wastani wa alama 15.1 na ribaundi 10.9 kwa kila mechi, na akatuzwa kuwa mgeni bora wa mwaka. Kabla ya msimu huo kuanza alikuwa amekwisha kuichezea Marekani katika Michezo ya Olimpiki ya Athens na kurudi na nishani ya shaba. Howard alimaliza na wastani wa alama 12.0 na ribaundi 10.0.

Aliyetazama kwa makini, hata hivyo, aliona jambo jingine. Howard alianza mechi zote 82 bila kukosa hata moja. Aidha, kulikuwa na pengo la miaka mitatu kati yao. Howard alikuwa akidaka ribaundi 10 kila mechi dhidi ya watu wazima akiwa na umri wa miaka 19. Okafor alipokuwa na umri huo, alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni. Takwimu zao zilikaribiana, lakini zilitoka katika hatua mbili tofauti za ukuaji.

Jibu la pili

Katika msimu wake wa pili, jeraha la kifundo cha mguu lilimruhusu Okafor kucheza mechi 26 pekee. Alirejea, na baadaye akacheza misimu mitatu mfululizo bila kukosa mechi. Alibaki mlinzi hodari wa kikapu na mdakaji wa kutegemewa wa ribaundi. Lakini wastani wake wa alama 15.1 wa msimu wa kwanza hakuufikia tena, wala hakuwahi kuteuliwa katika mechi ya nyota wote ya NBA.

Howard aliendelea kupanda. Aliongeza misuli, na kufikia msimu wa 2007-08 alikuwa na wastani wa alama 20.7 na ribaundi 14.2. Mwaka wa 2008 alitwaa dhahabu ya Olimpiki jijini Beijing. Mnamo Mei 2009 alifunga alama 40 na kudaka ribaundi 14 katika mechi iliyoiondoa Cleveland ya LeBron James, na Orlando ikaingia fainali, ambako ilishindwa na Los Angeles Lakers mechi 4-1. Alituzwa kuwa mlinzi bora wa ligi mwaka wa 2009, 2010 na 2011, na akawa wa kwanza kuipata tuzo hiyo mara tatu mfululizo.

Mazingira na mwili

Haingekuwa haki kudai kwamba tofauti yote ilitokana na kipawa. Mwaka wa 2007, Orlando ilimwajiri kocha Stan Van Gundy, ambaye alimzungushia Howard walenga shabaha wa mbali kama Rashard Lewis na Hedo Turkoglu, ili wapinzani wasipate nafasi ya kumsonga karibu na kikapu. Patrick Ewing, gwiji wa nafasi hiyohiyo, aliletwa awe kocha msaidizi. Okafor, kwa upande wake, alikaa misimu mitano katika timu iliyokuwa ikijengwa kutoka msingi, na haikufika awamu ya mchujo hata mara moja. Mwaka wa 2009 Charlotte ilimpeleka New Orleans kwa kubadilishana na Tyson Chandler. Msimu uliofuata, ikaingia awamu hiyo kwa mara ya kwanza.

Mwili nao ulikuwa na siri zake. Mgongo uliotiliwa shaka mwaka wa 2004 ulikuwa wa Okafor, lakini aliyelazimika kufanyiwa upasuaji wa mgongo mnamo Aprili 2012 ni Howard. Baada ya hapo alihama timu moja hadi nyingine, Charlotte ikiwemo, na hakuwa tena tishio la awali. Mwaka wa 2020 alitwaa ubingwa na Lakers akiwa mchezaji wa kusaidia. Mwaka wa 2025 aliingizwa katika Ukumbi wa Mashujaa wa mpira wa vikapu wa Naismith.

Okafor aliumia diski ya shingo mwaka wa 2013, na kwa zaidi ya miaka minne hakucheza mechi yoyote ya msimu wa NBA. Wengi walidhani amestaafu. Mnamo Februari 2018, akiwa na umri wa miaka 35, alirejea New Orleans kuziba pengo la DeMarcus Cousins aliyekuwa ameumia, na akaisaidia timu hiyo kufika awamu ya mchujo.

Somo kwa wateuzi

Kuanzia uteuzi wa mwaka wa 2006, NBA iliweka sheria kwamba mchezaji sharti awe anatimiza angalau miaka 19 ndani ya mwaka wa uteuzi, na kwa Mmarekani, mwaka mmoja uwe umepita tangu darasa lake kumaliza shule ya upili. Timu zilitaka muda zaidi wa kutazama kabla ya kuamua.

Wahenga walinena kwamba nyota njema huonekana asubuhi. Nyota zote mbili zilionekana asubuhi. Waliompigia Okafor kura mwaka wa 2005 waliulizwa ni nani aliyecheza vyema zaidi mwaka huo, nao walijibu sawasawa. Orlando iliulizwa ni nani atakayekuwa bora baada ya miaka mitano, nayo ikajibu sawasawa. Kocha anayewalinganisha vijana wawili warefu hana budi kuamua kwanza ni swali lipi kati ya hayo analojibu, kisha aulize umri wa kila mmoja kabla ya kuhesabu alama zake.